Mashahidi wa Mzee Rwegoshora

Kila siku alfajiri, kabla ya kuvaa sare za shule, Mackrine aliketi kwenye kigoda jikoni, akakilaza kisabo mapajani na kuanza kusuka maziwa. Kisabo ni kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa yaliyoganda. Hicho cha kwao kilikuwa cha bibi yake, Mukakalisa, ambaye alikuja nacho siku alipoolewa. Mackrine alikisukuma mbele na kukirudisha nyuma, mbele na nyuma, mpaka siagi yote ijitenge na ubaki mtindi mwepesi. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima, na haikuwa na njia ya mkato.

Katika nyumba nyingine za kijiji cha Ndama watu husuka maziwa ili wapate siagi. Kwa Mzee Rwegoshora mambo yalikuwa kinyume. Siagi aliachiwa bibi na mapishi yake, na kilichogombaniwa ni mtindi, kwa sababu Mzee Rwegoshora, babu yake Mackrine, alitengeneza gundi ya mbao kwa maziwa.

Watoto waliosikia habari hiyo kwa mara ya kwanza walicheka hadi wakashika mbavu. "Kwa hiyo babu yako anazinywesha mbao maziwa?" walimuuliza. Mackrine alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na alikwisha kuzoea maneno yao. Wazazi wake walilima kahawa upande wa Kyerwa, naye alilelewa na babu na bibi tangu akiwa mdogo. Alijua gundi ile kama wenzake walivyojua kupika ndizi. Mtindi unapashwa moto kidogo mpaka utoe mabonge meupe. Mabonge yanaoshwa, yanakaushwa, yanasagwa, halafu unga wake unachanganywa na chokaa na maji ya jivu la maganda ya ndizi.

Babu hakuianza kazi hiyo kwa mchezo. Akiwa kijana aliajiriwa mbali na nyumbani, katika kiwanda cha plaiwudi, na kazi yake ilikuwa kukoroga gundi. Siku moja alimwuliza msimamizi ndani ya gundi ile mlikuwa na nini. Msimamizi alimjibu, "Wewe koroga. Kujua ni kazi ya wengine." Neno hilo lilimchoma. Kiwanda kilipofungwa, Rwegoshora alirudi Karagwe, na kwa miaka thelathini na mmoja akajifundisha mwenyewe kile alichonyimwa.

Mara ngapi alishindwa! Gundi namba tisa ilinuka hata mbwa akahama uani. Gundi namba themanini na nane ilisifiwa na kila mtu, mpaka mvua ilipovuja kanisani na benchi la wanakwaya likaachana katikati ya wimbo. Chokaa ilimrukia na kumharibu jicho moja, na jicho la pili likaanza kuingia ukungu wa uzee. Hata hivyo hakuacha. Kila jaribio aliliandika katika daftari, na macho yalipomshinda, Mackrine akawa ndiye anayemwandikia.

Vibao viwili vilivyounganishwa kwa gundi mpya aliviita shahidi. Shahidi alifungwa jiwe na kutumbukizwa ndani ya pipa la maji. Akivumilia siku arobaini bila kuachana, gundi imeshinda. "Mimi naweza kukudanganya, mjukuu wangu," babu alipenda kusema, "lakini shahidi hajui kumpendelea mtu."

Gundi namba mia mbili na kumi na nne ndiyo iliyovumilia. Ilijaribiwa mara tatu, na mara zote tatu ilifika siku ya arobaini. Fundi Jovitus, seremala wa jirani, aliitumia kwenye viti na milango, na habari zikafika mjini Kayanga kwa mtaalamu wa viwanda vidogo, Mhandisi Nikuze. Mama huyo alikuja mwenyewe kumwona mzee.

"Mzee wangu, niletee mashahidi kumi," alisema. "Nitawatia kwenye pipa langu mbele ya mafundi wote. Wakivumilia siku arobaini, gundi hii itasajiliwa kwa jina lako, na mafundi wa wilaya nzima watafundishwa kuitengeneza."

Babu alishukuru kwa lugha ya nyumbani, "Kasinge waitu." Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na daktari alikuwa amewaambia waziwazi kwamba moyo wake umechoka. Alichotaka sasa kilikuwa kimoja tu: kusikia kwa masikio yake kwamba kazi ya maisha yake imekubaliwa.

Siku ya kuandaa gundi ya mashahidi ilikuwa Jumamosi. Bibi alimpeleka babu zahanati kutazamwa miguu, na Mackrine akaachwa peke yake na kisabo. Siku hiyohiyo shuleni walikuwa wanachagua timu ya mpira wa pete. Rafiki yake Allen, msichana wa darasa lao, alipita mlangoni akamwita.

"Fanya haraka! Mwalimu amesema atakayechelewa hachezi."

Mackrine alisuka kwa muda wa kama robo saa tu. Siagi ilianza kuonekana juu. Aliiengua ile iliyoonekana, akayamimina maziwa kwenye sufuria, akapasha moto, akaosha mabonge harakaharaka na kuyaanika. Kisha akatimua mbio. Alichaguliwa kwenye timu, akarudi nyumbani akiimba.

Jioni babu aliketi karibu na ungo na kuyaminya mabonge kwa vidole.

"Mackrine, mbona yanateleza? Siagi ilitoka yote?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Lakini furaha ya kuchaguliwa ilikuwa bado kifuani, na aliogopa kuonekana mvivu.

"Ilitoka yote, babu. Hayo ni maji ya kuoshea."

"Haya," babu alisema. Hakuwahi kudanganywa na mtoto huyu, kwa hiyo akayaamini maneno yake kuliko vidole vyake mwenyewe.

Vibao viliunganishwa, vikabanwa na kukaushwa kwa wiki moja. Fundi Jovitus aliwapeleka mashahidi kumi Kayanga kwa pikipiki, na mbele ya mafundi wakatumbukizwa kwenye pipa.

Siku ya tatu simu ikaita. Mhandisi Nikuze alizungumza polepole, kama mtu anayetoa habari za msiba.

"Mzee, wameachana. Wote kumi."

Babu alimrudishia bibi simu, akaketi akiegemea ukuta na kuyaelekeza macho yake yasiyoona vizuri migombani. Mackrine alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji, akaitua chini. Alijua vizuri kilichotokea. Maziwa yenye siagi hayashiki. Babu alikuwa amemwambia hivyo zaidi ya mara mia. Alitaka kusema. Akajiambia kwamba angesema kesho.

Kesho ilikuja na kesho nyingine ikafuata. Mwenye kuficha jambo huwa hakosi sababu. Leo babu amechoka, kesho kuna wageni, keshokutwa ni Jumapili. Wiki moja ikapita hivyo, halafu ya pili.

Katika wiki hizo babu alifanya jambo lililomuumiza Mackrine kuliko fimbo. Alichukua mkongojo wake na kuanza kuwazungukia mafundi waliokuwa wanatumia gundi yake, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba radhi. Bibi alimsihi apumzike, lakini hakusikia. Siku alipokwenda kwa Fundi Jovitus, ilibidi Mackrine amshike mkono njia nzima.

"Jovitus mwanangu, usiitumie tena gundi yangu," babu alisema. "Niliwadanganya bila kujua."

"Lakini mzee, viti nilivyounga mwaka juzi bado vimesimama!"

"Vimesimama kwa bahati. Usiwauzie watu bahati."

Jovitus alimtazama Mackrine kama anayeomba msaada. Mackrine akainamisha kichwa. Njiani kurudi babu alipumzika mara nne, na kila alipopumzika alihema kama aliyepanda mlima.

Mwisho wa wiki ya tatu Mackrine alirudi kutoka shuleni akamkuta babu ameketi jikoni. Miguuni pake palikuwa na madaftari yote kumi na moja, kazi ya miaka thelathini na mmoja, na bibi alikuwa amesimama kando huku machozi yakimtiririka.

"Mwambie babu yako," bibi alisema kwa uchungu. "Anataka niyatie motoni."

"Yatieni," babu alisema. "Nikifa, mtu mwingine asije akayasoma na kupotea kama nilivyopotea mimi."

Aliinama, akapapasa, akalishika daftari la juu na kulinyoosha kuelekea mafigani. Mackrine alipiga magoti na kuushika mkono wake.

"Usichome, babu! Siagi haikutoka!"

"Unasemaje?"

"Siku ile sikusuka vizuri. Nilisuka kidogo tu, nikakimbilia mpira. Uliponiuliza nikakudanganya. Gundi yako haina kosa, babu. Kosa ni langu."

Bibi alijishika kinywa. Babu aliliacha daftari, akaushika ule mkono mdogo, na uso wake ukabadilika polepole.

"Kwa hiyo vidole vyangu havikunidanganya," alisema kwa sauti ndogo. "Na mia mbili na kumi na nne ni nzima?"

"Ni nzima, babu."

Mzee Rwegoshora alilia. Mackrine hakuwahi kumwona babu akilia, hata siku chokaa ilipomrukia jichoni. Alilia kwa furaha na kwa maumivu pamoja, na hakujificha.

"Wiki tatu, Mackrine," alisema mwishowe. "Wiki tatu nimejiona mwongo mbele za watu. Nimelala mwongo, nikaamka mwongo. Ungeniambia siku ile simu ilipoita, ningekukaripia, tukasuka upya, yakaisha."

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Nawe ni mjukuu wangu, nisipokusamehe wewe nitamsamehe nani? Sasa mwambie bibi yako anipigie namba ya yule mama wa Kayanga."

Mackrine alimshikia simu sikioni, akasikia kila neno. "Mhandisi, nilikosea mimi," babu alisema. "Maziwa hayakusukwa sawasawa. Naomba nafasi nyingine, kama bado mnaniona mtu." Mackrine alifungua kinywa aseme ukweli, lakini babu aliinua mkono kumzuia. Mhandisi Nikuze alikubali.

Safari hii Mackrine alisuka mpaka viganja vikatoka malengelenge. Babu alikaa pembeni yake akisikiliza mlio wa maziwa ndani ya kibuyu, na kila Mackrine alipotaka kupumzika babu alimwambia, "Bado." Mabonge yalipooshwa, babu aliyaminya. Hayakuteleza. Vibao viliunganishwa, vikakauka kwa wiki moja, vikapelekwa Kayanga, na siku arobaini zikaanza kuhesabiwa.

Kila Jumapili baada ya ibada Mhandisi alipiga simu. "Kumi, mzee," aliripoti, na babu alitabasamu na kurudia, "Kumi." Jumapili ya pili, kumi. Jumapili ya tatu, kumi. Lakini babu mwenyewe alikuwa anapungua. Uvimbe ulipanda kutoka miguuni hadi mapajani, na chakula kikawa kinarudi kama kilivyokwenda. Wakati mwingine alimwita Mackrine kitandani na kumwuliza, "Zimebaki ngapi?" Mackrine alimwambia hesabu. "Basi nitajikaza," alijibu.

Alijikaza sana, masikini. Siku ya ishirini na tano, Mackrine akiwa katikati ya somo la Sayansi, mwalimu aliitwa mlangoni. Aliporudi alimwambia kwa upole afunge madaftari yake aende nyumbani. Hakuambiwa sababu, wala hakuuliza. Alipofika alikuta majirani wamejaa uani, na bibi ameketi chini, kitambaa kichwani kimelegea, akitikisa kichwa.

Babu alizikwa kibanjani mwake, kati ya migomba na kahawa. Jeneza alilitengeneza Fundi Jovitus kwa misumari mitupu. Waombolezaji wengine walishangaa kwamba mzee wa gundi anazikwa bila tone la gundi, lakini Jovitus aliwaambia kwamba mzee mwenyewe alimkataza kuitumia, na siku arobaini zilikuwa bado hazijaisha, naye hakutaka kumvunjia neno. Mackrine aliisikia kila nyundo ilipogonga.

Siku ya arobaini Mackrine na bibi walikwenda Kayanga. Mafundi zaidi ya ishirini walikuwa wamelizunguka pipa. Mhandisi Nikuze alikunja mikono ya nguo yake na kuwatoa mashahidi mmoja mmoja, akiwakabidhi mafundi wawavute kwa nguvu zao zote. Wa kwanza alikuwa mzima. Wa pili mzima. Mmoja tu alikuwa ameachana, tena siku mbili nyuma. Tisa waliobaki walivutwa hadi fundi mmoja mnene akateleza na kuanguka, na watu wakacheka, na bibi naye akacheka huku akifuta machozi.

"Tisa kati ya kumi wanatosha. Gundi hii imeshinda," Mhandisi alitangaza. "Itasajiliwa kwa jina la marehemu Mzee Rwegoshora wa Ndama." Kisha akafungua faili na kusoma taarifa atakayoituma. "Jaribio la kwanza: mashahidi kumi, wote waliachana siku ya tatu. Sababu: uzembe wa mtengenezaji, kama alivyokiri mwenyewe."

Uzembe wa mtengenezaji! Mackrine aliyarudia maneno hayo moyoni. Mzee aliyeandika madaftari kumi na moja, aliyepoteza jicho, aliyetembea na miguu iliyovimba kuomba radhi kwa kosa lisilo lake, sasa ataandikwa mzembe, na karatasi hiyo itakaa huko ofisini miaka nenda miaka rudi. Aliwatazama mafundi. Wengine walikuwa baba za wanafunzi wenzake. Wakijua, shule nzima itajua.

Alisimama.

"Shikamooni," alisema. "Taarifa hiyo si ya kweli. Aliyefanya uzembe ni mimi. Mimi ndiye niliyesuka maziwa. Sikuyasuka vizuri, na babu aliponiuliza, nilimdanganya. Nikanyamaza wiki tatu. Alisema ni kosa lake ili kunisitiri. Babu yangu hakuwa mzembe."

Fundi Jovitus alivua kofia yake. Mhandisi Nikuze alichukua kalamu, akaukata ule mstari na kuandika mwingine. Alipomaliza aliusoma kwa sauti: "Sababu: maziwa hayakutolewa siagi yote, bila mtengenezaji kujua. Yamethibitishwa na mjukuu wake." Halafu akamsogezea karatasi, na Mackrine akaandika jina lake.

Mafundi walipotawanyika, bibi na mjukuu walikaa kwenye benchi nje ya ofisi wakisubiri usafiri wa kurudi Ndama. Mackrine akamgeukia bibi yake.

"Bibi, ningesema siku ileile simu ilipoita, babu angesikia matokeo?"

Mukakalisa hakuwa mwanamke wa kupaka mambo asali. Alimshika mjukuu wake mkono kabla ya kumjibu.

"Angesikia. Ulinyamaza siku ishirini na moja, na yeye alikufa zikiwa zimebaki kumi na tano. Ungesema siku ileile, angesikia matokeo siku sita kabla ya kufa."

Mackrine alifumba macho.

"Sikwambii hivi ili nikuadhibu," bibi aliendelea. "Babu yako alikusamehe, na mimi nilikusamehe siku ileile. Leo umesema kweli mbele za watu, na jina lake umelisafisha. Nakushukuru kwa hilo. Lakini nataka ujue jambo hili ungali mdogo. Kutosuka maziwa kulikuwa uvivu, na uvivu ule ungefutwa kwa saa moja ya kazi. Kunyamaza ndiko kulikokula siku za babu yako, na siku za mtu hazirudi kwa msamaha wala kwa machozi. Utakosea tena, maana wewe ni binadamu. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna mtu wa kuambiwa."

Mackrine alikilaza kichwa chake mapajani mwa bibi akalia, na bibi hakumnyamazisha.